Mwamba Atoke Damu

Jumamosi moja ya Februari 2001, mbele ya duka la Edmond mjini Butembo, palikuwa hapapitiki. Pikipiki zilipiga honi, makuli walipita na magunia ya unga vichwani wakifoka waachiwe njia, na jenereta ilinguruma mlangoni ikitapika moshi. Edmond alikuwa na mashine ya fotokopi, na kila baada ya miezi miwili mashine hiyo ilizaa kitabu cha picha, kile ambacho watu wa huko huita bede. Kiliitwa Mwamba. Kurasa kumi za mwanzo zilikuwa za Mwamba mwenyewe, shujaa aliyeoga maji ya barafu ya Ruwenzori, na tangu siku hiyo kila risasi iliyomgusa iligeuka tone la maji. Kurasa sita za mwisho zilikuwa hadithi ya kutisha, mizimu na mashimo na wafu waliokataa kutulia. Ukutani Edmond alibandika karatasi kubwa na kufunga kalamu kwa uzi, ili aliyesoma aandike maoni yake.

Siku hiyo kalamu ilikuwa mkononi mwa Gracieuse. Alikuwa mshonaji kutoka Beni, amekuja kununua zipu na nyuzi, na baridi ya Butembo ilikuwa imemlazimisha kuvaa sweta kubwa ya kuazima juu ya kitenge chake cha njano. Hata hivyo alipendeza, na alijua. Tena hakuwa mtu wa kuandika kimya kimya. Kila alichokiandika alikisoma kwa sauti, kwa Kiswahili cha huko, chenye Kifaransa ndani na "hapana" mahali pa "si".

"Bandugu, munasoma hii kitu na munanyamaza? Muzimu anatoka mu shimo, amekufa miaka makumi mbili, mais angalieni miguu yake. Amevaa viatu bipya! Nani alimununulia?"

Watu wakacheka. Sauti ya mwanamume nyuma yake ikasema, "Pengine balimuzika nabyo."

"Bipya vile? Hata kamba haiko na udongo."

"Na Mwamba je? Yeye anakupendeza?"

"Mwamba ni kijana muzuri, hapana nakataa. Mais banamupiga risasi, anacheka. Banamupiga tena, anacheka tena. Mi ningekuwa bibi yake ningechoka. Mutu mwenye hapana anaumia, utamupendea nini?"

"Donc mwenye kuchora ukimuona utamuambia nini?"

"Nitamuambia aache, aende kuchora mabango ya maduka."

"Ya asubuhi nimeshamaliza," ile sauti ikajibu.

Gracieuse akageuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu, suruali imejaa rangi za kila namna, penseli nyuma ya sikio, na mikono ya buluu mpaka kwenye viwiko. Aliyesema anachora mabango hakuwa anatania. Edmond mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya mashine yake, akicheka mpaka machozi.

"Malachie," kijana akasema. "Mabango, na mizimu ya viatu bipya."

Gracieuse alitamani sweta ile immeze. Badala yake akakaza uso. "Yote nimesema ni kweli."

"Njo maana nataka jina yako. Nitaitwaje mubaya na mutu bila jina?"

Akampa jina. Akampa pia, baada ya chai na mandazi, ahadi kwamba atasoma namba saba na kumwambia ukweli.

Wakati huo simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwa watu wa kawaida. Kulikuwa na foni, redio ya wafanyabiashara iliyofungwa kwenye betri ya gari. Unasema, unamaliza kwa "à toi", unaachia kitufe, mwenzako anajibu. Na chochote unachosema, vituo vyote vilivyo kwenye mstari huo vinasikia. Mapenzi ya foni hayakuwa ya wenye haya. Kila Jumatano saa nne asubuhi, Gracieuse aliacha cherehani yake akaenda kwa Mama Berthe, mwenye foni ya Beni, akakaa kwenye benchi kati ya wauza kahawa na wauza mbao.

"Butembo, Butembo, hapa Beni. Malachie, unanisikia? À toi."

"Nakusikia muzuri, sheri wangu. Umesoma namba saba? À toi."

"Nimeisoma mara mbili. Ile mujane mwenye anapikia batu bamekufa chakula imenikosesha usingizi. Hapo umeweza. Na ile ukurasa Mwamba anasimama kati ya mvua ya risasi, zinageuka maji, batoto banakunywa, ile nayo ni nzuri. Hapana nataka kusema lakini ni nzuri. À toi."

"Rudia. Sijasikia muzuri. À toi."

"Umesikia! À toi!"

Hapo ikaingia sauti nyingine, nzito, ya mtu wasiyemjua. "Hapa Lubero. Mi naunga dada mukono juu ya mujane. Bwana, mutu kama ule usimuachilie. À toi."

Benchi zima likaangua kicheko. Mama Berthe akampiga Gracieuse begani. "Hata Lubero bameshakubali. Weye unangoja nini?"

Hakuwa akingoja kitu. Alikuwa anampenda Malachie, na alipokuwa akishona sare za shule alijikuta akitabasamu peke yake. Siku nyingine Malachie alimtumia, ndani ya nakala ya bede, penseli mpya au pakiti ya sindano. Yeye alimtumia shati alilomkatia kwa kukisia vipimo, na halikumbana popote.

Kisha ukaja mwezi wa tano. Ézéchiel, mdogo wake wa pekee, kijana wa miaka ishirini na mmoja, alikwenda kuvuna mihogo katika shamba la marehemu baba yao huko Mabalako, na hakurudi. Mama yao alikaa siku tatu bila kuwasha moto. Wiki ya pili, dereva mmoja wa lori akaja kusema amemwona. Alikuwa na Mayi-Mayi, kwenye kizuizi cha juu mlimani, katika njia ya Butembo, majani kichwani na bunduki begani. Ndio wale wapiganaji wanaonyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate.

Gracieuse aliinua mkeka wa mdogo wake. Chini yake palikuwa na namba zote za Mwamba, zimepangwa vizuri. Katika namba saba, ukurasa wa risasi zilizogeuka maji ulikuwa umechanwa. Alikaa chini akiwa ameshika kitabu hicho, kwa sababu aliyekuwa akimletea Ézéchiel vitabu hivyo kila vilipotoka alikuwa yeye mwenyewe, na aliyesema ukurasa ule ni mzuri, mbele ya watu, alikuwa yeye tena.

Jumatano hiyo hakusalimia.

"Malachie, Mwamba atoke damu. À toi."

"Nini? Rudia. À toi."

"Namba tisa, Mwamba apigwe risasi na itoboe. Atoke damu. Alie, aite mama yake. Ézéchiel ameingia kwa ba Mayi-Mayi juu ya ile kitabu yako, anajisikia yeye ni Mwamba. Kule mulimani bede zinafika, madereva banazibeba. Akiona damu atarudi nyumbani. À toi."

Mstari ulikwaruza. Wauza kahawa waliangalia miguu yao.

"Sheri, pole. Pole sana, kwako na kwa mama. Mais sikia. Batu banaona maiti kila siku. Bananunua ile kitabu juu iko mutu moja, moja tu, mwenye hapana anaanguka. Yaya yangu, kaka mukubwa, balimuua ku njia ya Kisangani, nikaanza kumuchora, njo Mwamba. Nikimuangusha naye, nitawaachia batu nini? À toi."

"Utaniachia mudogo wangu! À toi!"

Safari hii hata Lubero hawakuingilia.

Wiki iliyofuata ilikuwa sauti ya Malachie iliyotangulia, imekauka. "Nimewaza. Nimekubali. Kurasa ine nzima za katikati. Nilimaliza jana na nililia kama mutoto. Itoke ile inatoka. À toi."

"Wasingya, mupenzi wangu," Gracieuse akasema kwa machozi, akimshukuru kwa lugha ya kwao. "Wasingya kutsivu." Akasahau à toi, na Mama Berthe akamwachilia kitufe mwenyewe.

Namba tisa ilifika Beni mwezi wa nane, imefungwa juu ya marobota ya nguo. Gracieuse aliinunua pale pale kwenye lori na kuisoma amesimama, joto likimchoma kisogo. Mwamba anaingia katika shamba la kahawa. Mwamba anazungukwa. Ukurasa wa sita, bunduki zote zinalia pamoja, na Mwamba amesimama mikono kiunoni, anacheka kicheko chake kile kile. Akafungua ukurasa mwingine kwa pupa. Hapo palianza hadithi ya kutisha, "Kisima cha Mjane". Akarudi nyuma, akaangalia tena. Mwamba alikuwa anacheka tu.

Alihisi amepigwa kofi mbele ya mji mzima. Hakuwa na subira ya kusoma kisima cha mtu. Aliingia ndani, akachukua karatasi na kuandika maoni yake, akampa dereva ayapeleke yabandikwe kwa Edmond. Aliandika hivi:

"Namba tisa. Mwenye kuchora ni muongo kuliko mizimu yake. Aliahidi damu, ameleta kicheko. Mwamba anacheka tena mbele ya risasi, na batoto ba batu banaenda kufa wakicheka vile. Kisima sikusoma. Hii ni maoni yangu ya mwisho, na anayapata bure. Kavugho Gracieuse, Beni."

Jumatano tatu Mama Berthe alimtuma mtu kumwita. Jumatano tatu alikataa. Mara ya nne Mama Berthe alikuja mwenyewe, jasho likimtoka, akaegemea cherehani.

"Mwana wetu, ule bwana analia ku foni. Anauliza swali moja tu, kama umeona kurasa ya katikati."

"Nimeona."

"Anasema uangalie tena."

"Mama, mi nina macho. Mutu ananiahidi damu ananionyesha meno. Unataka niangalie nini?"

"Weye uliona hata viatu ya muzimu," Mama Berthe akanung'unika akiondoka. "Sasa umekuwa kipofu juu ya hasira."

Maneno hayo yalimkera, lakini hakufungua kitabu. Alikikata kwa upana katikati na kukitumia kufungia vifungo.

Alhamisi ya wiki hiyo, mvua ya mchana ilikuwa imetoka kuisha na barabara ya Beni ilikuwa tope jekundu. Gracieuse alikuwa anapindua ukosi wa shati alipoona mtu amesimama kwenye kizingiti. Malachie alikuwa amevaa shati lile alilomshonea. Lilikuwa limechanika bega, jicho moja lilikuwa limevimba, na mguuni alikuwa na kiatu kimoja.

"Usiniambie kitu," Gracieuse akasema, lakini alikuwa ameshasimama. "Umefanya nini na jicho? Ikala. Ikala pale!" Akamsogezea kiti.

"Leta ile kitabu kwanza."

"Malachie, unatoka damu."

"Leta kitabu, sheri."

Alimletea nusu ya kitabu iliyobaki, vifungo vikamwagika mezani. Malachie akaweka kidole chake chenye rangi kwenye pembe ya ukurasa wa Mwamba anayecheka. "Hapa nimeandika namba gani?"

"Sita."

"Na ile inafuata, ya kisima?"

Gracieuse akaangalia. Akaangalia tena. Ilikuwa kumi na moja.

Kurasa nne hazikuwapo, na yeye, aliyeona kamba za viatu vya mzimu, hakuziona. Alikaa kwenye kiti chake polepole, mkono mdomoni.

"Edmond alizitoa," Malachie akasema. "Ni karatasi moja tu ya katikati, unakunjua pini unaivuta. Za Butembo aliziacha, za Beni zote alivuta, juu zinapita ku kizuizi. Aliogopa ba Mayi-Mayi bakiona mutu wa maji anatoboka, bachome lori. Hakuniambia. Mi nikasoma maoni yako ku ukuta, nikabaki kusimama pale kama sanamu. Batu ba Butembo wanalia juu ya Mwamba, weye unasema anacheka. Njo nikamushika Edmond shati."

"Kwa nini haukusema ku foni?"

"Niseme ku foni, mbele ya vituo byote, kwamba Edmond anaogopa ba Mayi-Mayi? Nilikuita weye. Ulikataa."

Gracieuse alisogeza beseni. Aliloweka kitambaa katika maji akaanza kumfuta jicho.

"Nilisema nitakuletea mwenyewe," Malachie akaendelea. "Karatasi niliificha mu soksi. Pale mulimani balitushusha. Moja akaniambia nivue viatu, akaikuta. Hajue kusoma, mais aliona picha, mutu na matundu ya risasi, akaanza kunipiga na kitako cha bunduki, anasema mi ni mupelelezi. Mukubwa wao akaita, 'Leteni mwenye anajua kusoma.'"

Kitambaa kikasimama.

"Alikuya kijana mwembamba. Masikio kama yako. Akaikala juu ya pipa, akasoma kurasa zote ine, polepole, anarudia. Mi nilijua ni yeye, sikusema. Akainua macho, akaniuliza kidogo kidogo, 'Ni weye unachoraka Mwamba?' Nikasema ndiyo. Mukubwa akauliza, 'Ni nini ile?' Akajibu, 'Ni michezo ya batoto, shefu. Muache apite.' Akaniomba kalamu. Akaandika ku mugongo ya karatasi, pembeni ya picha, wakati benzake banapekua magunia, akaikunja, akairudisha mu soksi yangu yeye mwenyewe. Kiatu kimoja balibaki nacho."

Akainama, akaitoa. Ilikuwa imelowa jasho. Upande mmoja Mwamba alikuwa amelala kwenye majani ya kahawa, mkono tumboni, mdomo wazi. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kuchora Malachie. Gracieuse aliigeuza. Mwandiko aliujua tangu ukiwa wa chaki kwenye ubao.

"Maoni yangu juu ya namba tisa. Damu umechora kidogo. Inatokaka mingi, na mutu anaomba maji, hapana anasema maneno marefu vile Mwamba anasema. Nimeona batatu bakifa vile. Yaya, dada yangu, sikuingia huku juu ya kitabu. Balinikamata mu njia ya Mabalako na mihogo kichwani. Ile ukurasa nilichana nilifungia chumvi. Ule anatoroka, banaenda kwa mama yake. Kwetu banapajua. Njo maana niko hapa, na nitabaki. Usimukasirikie huyu, alipigwa na hakutaja jina yako. Akileta mbuzi ya mahari, mujomba Manassé apokee mahali pangu. Musiningojee."

Gracieuse alisoma mara moja tu. Kilio kilichomtoka kiliwafanya majirani watoke milangoni. Miezi mitatu alikuwa amepigana na picha, amemtukana mtu anayempenda mbele ya miji miwili, akiamini kwamba ukurasa ulimchukua Ézéchiel na ukurasa utamrudisha. Na muda wote huo mdogo wake alikuwa amesimama mlimani ili nyumba yao isichomwe. Malachie alimshika akamwacha alie, hakumwambia nyamaza.

Jua lilipokuwa linaelekea kushuka, akauliza akiwa bado kifuani mwake, "Uliisoma?"

"Njia nzima."

"Amesema tusimungojee."

"Amesema vile. Mais weye njo utasema."

"Miye nataka ningoje."

"Basi mi pia nitangoja," Malachie akasema. "Nitangoja na weye. Sijue kuchora kitu ingine ya kukusaidia, Gracieuse. Kama ningejua ningechora."

"Usichore kitu. Ikala tu."

Wakangoja mpaka Noeli, na baada ya Noeli mpaka Pasaka. Namba kumi haikutoka. Mlangoni kwa Edmond watu waliandika wakiuliza Mwamba amepona au amekufa, na Malachie alipita hapo na makopo yake ya rangi bila kujibu. Mama wa Gracieuse ndiye aliyemaliza mambo. Alisema Ézéchiel ametoa neno, na neno la mwanawe halitaoza kwenye karatasi.

Mbuzi walikuja Beni siku ya mawingu, wakiongozwa na baba wa Malachie na wazee wake, kwa kupitia njia ndefu ya kukwepa mlima. Mjomba Manassé alizipokea kamba moja moja akitaja jina: hii ya shangazi, hii ya nyanya, hii ya mimi mwenyewe. Alipofika kwa jike moja jeusi, akakohoa.

"Hii ni ya kaka ya bibi-arusi," akasema. "Mwenyewe haiko. Tunaweza kuichinja leo, batu bakule."

"Hapana," mama akasema. Alisogea akaichukua kamba mkononi mwake, mbele ya wageni wote, akamvuta mbuzi mpaka nyuma ya nyumba.

Mbuzi huyo amezaa mara mbili tangu hapo. Gracieuse yuko Butembo kwa mumewe, ana cherehani mpya na tumbo la miezi saba. Mama, kila asubuhi, anamkatia majani mbuzi wa Ézéchiel, na watoto wa mbuzi huyo pia, na hakuna anayeruhusiwa kuuza hata mmoja.